Mistari Mitatu Iliyofanya Mathe Aitwe Mwizi

Jumapili moja mwezi wa tatu mwaka jana, mathe aliitwa mwizi mbele ya watu karibu thelathini, kwa ploti ya mwenyekiti wa chama, chai ikiwa bado moto kwa vikombe. Hakuwa ameiba kitu. Mwenye makosa nilikuwa mimi, nimekaa huko nyuma kwa stuli ya plastiki, laptopu kwa magoti, na makosa yenyewe yalikuwa mistari mitatu ya kodi. Kodi ya kompyuta, si ya nyumba. Ya nyumba pia ina stori yake lakini si leo.

Nimeiweka hii stori muda mrefu kwa sababu mathe husoma vitu ninavyoandika. Wiki jana aliniambia, "Si uandike tu, kila mtu hapa mtaani anajua." Basi wacha niandike. Nitaeleza na hiyo mistari yenyewe, kwa sababu najua kuna wasee hapa wanajifunza JavaScript usiku kwa data ya mkopo kama mimi, na hili shimo lazima waingie siku moja. Kama hujui kodi, usitoroke. Kuna watu ndani yake.

Nianze na hali ilivyokuwa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nimekaa nyumbani miezi minne. Majirani walikuwa wanauliza mathe, "Kijana bado hawajafungua?" na yeye anajibu, "Wako likizo." Miezi minne ya likizo, bana. Sasa yeye ndiye mweka hazina wa chama chao, watu 31, wengi wafanyabiashara wadogo hapa Nakuru. Kila mtu anatoa elfu moja kwa mwezi: mia saba zinaingia kwa mzunguko, mtu mmoja anabeba, na mia tatu zinabaki akiba. Rekodi zote alikuwa anaandika kwa kitabu cha kurasa mia mbili, kile cha jalada gumu. Siku moja kwa mkutano akasema, bila kuniuliza, "Kijana wangu ni wa kompyuta, atatutengenezea kitu kizuri kuliko hiki kitabu." Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani kumsikia akinitaja mbele ya watu bila kubadilisha sauti. Hapo ukikataa wewe si mtu.

Nikakaa chini nikapanga. Chama kina makundi matatu: Sokoni, Stendi na Mtaani. Kila kundi lina watu. Kila mtu ana malipo yake ya kila mwezi. Kwa lugha yetu hiyo ni arei ndani ya arei ndani ya arei. Kama hilo neno linakusumbua, fikiria sanduku la bati. Ndani ya sanduku kuna mifuko mitatu. Ndani ya kila mfuko kuna bahasha, kila bahasha ni mtu. Ndani ya bahasha kuna risiti. Shikilia hiyo picha, tutairudia.

Mwanzo ilienda vizuri kabisa. Nilikuwa naonyesha mathe jumla kwa simu yake na anaenda kuonyesha wenzake sokoni. Halafu mwenyekiti akaja nyumbani na daftari la kumbukumbu za mikutano chini ya kwapa. Mama wa heshima, mwalimu mstaafu, huongea kama bado yuko gwaride. "Kijana, tunaanza mzunguko mpya. Sheria iko wazi: aliyekosa miezi mitatu mfululizo anatoka. Hebu ondoa hao wote nipate orodha safi kabla ya Jumapili."

Nikasema, "Sawa, mwalimu, hiyo ni kazi ya dakika tano."

Kweli ilikuwa dakika tano. Kwa kila kundi niliandika hivi:

for (let i = 0; i < watu.length; i++) {
  if (amekosa(watu[i])) watu.splice(i, 1);
}

Kwa Kiswahili: anza na mtu wa kwanza, ambaye kompyuta humwita namba 0, nenda mmoja mmoja hadi mwisho, na ukipata mtu amekosa miezi mitatu, mkate hapo hapo. Isome tena. Iko sawa, si ndiyo? Mimi pia niliona iko sawa. Nikaibonyeza, orodha ikapungua, nikatuma kwa grupu ya WhatsApp ya kamati nikaenda kutazama mpira.

Sasa Jumapili. Mwenyekiti anasoma majina ya waliotolewa. Watatu. Wa kwanza ni mama mmoja wa sweta za mitumba, kundi la Sokoni. Akasimama pole pole. Hakupiga kelele, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alisema, "Mimi sikatai. Vibanda vyetu vilibomolewa Desemba na kila mtu anajua, sijalipa tangu hapo. Lakini huyu tuliyekuwa tunauza naye bega kwa bega, tuliyeingia naye chama siku moja, tuliyevunjiwa naye usiku mmoja, na hajalipa miezi ile ile kama mimi, mbona yeye yumo?"

Huyo anayesemwa ni anti yangu. Mdogo wake mathe, tumbo moja.

Kimya. Unasikia tu kijiko kwa kikombe. Halafu baba mmoja wa Stendi, ni fundi wa viatu na hesabu anafanya kwa kichwa haraka kuliko mimi kwa laptopu, akaongeza petroli: "Na mbona akiba kwa simu ya mweka hazina imezidi ya kompyuta kwa elfu kumi na mbili na mia tatu? Hiyo 12,300 ni ya nani?"

Hapo ndipo neno lenyewe likatoka, sitaandika nani alilisema. Mathe alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayetaka kuamini kuna maelezo. Na mimi sikuwa nayo. Nilisema tu "nitaangalia," na mtu akacheka akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo shida ya kupatia kazi watu ambao hata chuo hawakumaliza."

Usiku huo sikulala. Saa nane nilikuwa bado natazama hiyo mistari mitatu na kila nikiisoma inaniambia iko sawa. Mwishowe nikafunga laptopu, nikachukua karatasi, nikaandika majina kumi na moja ya Sokoni yakiwa yamepangwa, nikaanza kutembea na kidole kama vile kompyuta inatembea. Nikafika kwa mama wa sweta, namba 3. Amekosa. Nikamkata. Wote walio nyuma yake wakasogea mbele hatua moja, kwa hivyo anti, aliyekuwa namba 4, sasa ni namba 3. Na kidole changu kinaenda wapi? Kinaenda namba 4.

Manze. Nilimruka. Sikuwahi hata kumwangalia.

Ni kama foleni ya matatu. Wewe ni kondakta unapita ukikagua tikiti kwa kuhesabu nafasi: nafasi ya nne, huna tikiti, toka. Yule wa tano anasogea kujaza pengo. Wewe unaenda kukagua nafasi ya tano, ambayo sasa amesimama yule aliyekuwa wa sita. Yule wa tano amepita bure, na hajafanya ujanja wowote. Amesogea tu.

Na ona vile hii kitu ilivyo ya sumu: kosa halitokei kila mara. Wadeni wakiwa wametawanyika kwenye orodha, kila mmoja anakatwa vizuri na utaapa kodi yako haina shida. Linatokea wakifuatana. Na kwa maisha ya kweli, watu wanaokosa pesa pamoja hufuatana, kwa sababu waliingia pamoja, wanauza pamoja, wamebomolewa pamoja. Sokoni kulikuwa na jozi mbili za namna hiyo: namba 3 na 4, halafu 7 na 8. Wa kwanza wa kila jozi alitoka, wa pili alibaki. Wa tatu aliyetoka alikuwa wa Stendi, peke yake. Walipaswa kutoka watano, wakatoka watatu, na mmoja wa wale wawili waliobaki akawa ni damu yetu. Ungekuwa umekaa kwa ile ploti, ungeamini ni bahati mbaya? Mimi singeamini.

Kabla mtu hajaanza kutukana JavaScript: najua ni lugha ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku kumi mwaka wa 1995, na kuna siku unaziona hizo siku kumi kabisa. Lakini hili si lake. Jaribu kutoa vitu kwenye orodha ya Python huku unaipitia na for, atakuruka vile vile. Shida ni kubadilisha kitu ukiwa bado unakihesabu.

Dawa ziko. Moja ni kutembea kinyumenyume, uanze mwisho uje mwanzo, kwa sababu ukimkata mtu wanaosogea ni wale ambao umeshawapita. Nyingine, ambayo siku hizi ndiyo natumia, ni filter. Filter haikati mtu. Inapita kwa kila mmoja, inauliza swali lako, na wanaopita inawaandika kwenye orodha mpya kabisa. Ile ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Imekuwa kwenye lugha rasmi tangu 2009 na mimi nilikuwa nimeiona mara mia kwa video za watu, lakini kuona na kuelewa ni vitu viwili.

Sasa nikasema, sawa, narudisha orodha ya zamani nifanye upya. Nilikuwa nimetengeneza nakala kabla sijakata, mimi si mjinga kabisa:

const nakala = [...makundi];

Nikafungua nakala. Mama wa sweta hayumo. Wote watatu hawamo. Kwa nakala!

Hapo nilitoka nje nikasimama tu kwa uwanja, usiku, na mbwa wa jirani ananiangalia.

Rudi kwa sanduku la bati. Zile nukta tatu zinakupa sanduku jipya, ndiyo, lakini mifuko ndani ni ile ile. Si mifuko inayofanana. Ni ile ile. Masanduku mawili yanashiriki mifuko mitatu, kwa hivyo ukitoa bahasha kwa mfuko huku, huko pia imetoka. Kwa arei ya kawaida isiyo na kitu ndani hutawahi kugundua. Ukishaweka arei ndani ya arei, nakala ya juu juu ni picha ya nakala. Ukitaka kunakili mpaka chini kuna structuredClone, au unatengeneza kila ngazi upya, mfuko mpya wenye bahasha zilizochujwa:

const mpya = makundi.map(k => ({ ...k, watu: k.watu.filter(m => !amekosa(m)) }));

Map inapita makundi, filter inapita watu ndani ya kila kundi. Filter ya nje haiwezi kugusa wa ndani, lazima uingie mwenyewe. Mstari mmoja tu huo, na ulinigharimu usiku mzima na jina la mamangu.

Kilichoniokoa ni kile kitabu cha jalada gumu. Mathe hakuwahi kuacha kuandika. Miezi yote hiyo nikimringia na jumla kwa simu, yeye jioni alikuwa anakaa na kalamu anaandika vile vile, hakuniambia tu asinivunje moyo. Saa kumi na moja asubuhi nilimkuta jikoni anawasha jiko, nikamwomba kitabu. Akanipa bila swali. Na ile 12,300? Ilikuwa pale kwa kitabu: 4,200 za mama wa sweta, 3,600 za yule namba 7, 4,500 za yule wa Stendi. Nilipotupa bahasha zao nilitupa na risiti. Pesa zilikuwa kwa simu ya mathe hadi senti ya mwisho, lakini rekodi ya kusema ni za nani ilikuwa nimeifuta mimi.

Kuna kosa lingine nilifanya Jumanne nikiwa narekebisha, nitalipita haraka kwa sababu linanipa aibu. Watu walioingia chama kikiwa kimeanza nilikuwa nimewawekea null kwa miezi ya kabla hawajaingia. Nikataka kuondoa hizo nafasi tupu, nikaandika filter(p => p). Kwa JavaScript, sifuri pia inahesabika kama hapana. Kwa hivyo niliondoa nafasi tupu pamoja na kila mwezi ambao mtu hakulipa. Ghafla chama kizima hakina mdeni hata mmoja, malaika 31. Nilifurahi kama dakika moja hivi. Ilipaswa kuwa p !== null. Kutokuwepo na kutolipa ni vitu viwili, hata mwenyekiti angekwambia.

Jumatano jioni nikawa na orodha sahihi. Watu watano, anti akiwemo. Nikampelekea mwenyekiti mwenyewe kwake, na ile karatasi ya kidole, nikamweleza foleni ya matatu. Alielewa haraka kuliko wasee wengine niliosoma nao. Tukawa tumemaliza, nikasimama kuaga, simu ya mathe ikalia.

Ni msichana wa yule mama wa Stendi. Anauliza tu, kwa adabu sana: "Mama ameambiwa na watu ametolewa chama. Analia na daktari amesema asisumbuliwe. Ni kweli?"

Mama yake alikuwa amelazwa tangu Desemba. Mwenyekiti akafungua daftari la kumbukumbu, akarudi nyuma kurasa kadhaa, na hapo pameandikwa kwa mkono wake mwenyewe, kikao cha mwezi wa kwanza: mgonjwa aliyelazwa asihesabiwe kukosa. Yeye alisahau kuniambia. Mimi sikuuliza. Kodi yangu hapo haikuwa na mdudu wowote. Ilimwangalia, ikaona sifuri tatu, ikamtoa vile ilivyoambiwa.

Nilikaa tena kwa kiti. Kwa sababu hii hali nilikuwa naijua kutoka upande ule mwingine.

Sijawahi kuandika hapa vile niliacha chuo, huwa nasema tu "niliacha." Ukweli ni kwamba wiki ya mitihani nilienda kuangalia orodha ya wanaoruhusiwa kufanya na jina langu halikuwepo. Nilikuwa na salio la karo. Nilikuwa pia na barua, iliyopigwa muhuri, ya kuruhusiwa kulipa nusu nusu. Nilienda dirishani na hiyo barua. Yule aliyekuwa dirishani aliisoma yote, alikuwa hata na huruma usoni, akageuza skrini nione. "Mfumo umekutoa. Mimi sina pa kukurudisha." Nilikuwa nimeuchukia huo mfumo mwaka mzima nikidhani kuna mtu alinikusudia. Na hapo kwa mwenyekiti nikaona vile ilivyoenda. Mahali fulani kuna msee, labda amelala vizuri kuliko mimi, aliambiwa "ondoa wote wenye salio," akaandika salio > 0, akaenda kutazama mpira. Hakuna aliyemwambia kuhusu barua. Sijui kama hiyo inanifanya nimsamehe. Siku zingine ndiyo. Siku zingine nakumbuka alipaswa kuuliza, kama vile mimi nilipaswa.

Nilimwambia yule msichana, "Mwambie mama hajatolewa. Ni kosa langu, si la mathe. Jina lake liko." Halafu nikakaa hapo hapo mezani kwa mwenyekiti nikaandika upya kabla jina halijakuwepo kweli. Na nikaacha kabisa habari ya kukata watu. Kila bahasha sasa ina neno juu yake, hali: "hai", "mgonjwa", "ameondoka". Hakuna anayetolewa kwenye arei, anayeondoka anabadilishiwa neno. Filter natumia wakati wa kuonyesha tu: nionyeshe walio hai, nionyeshe wanaopaswa kulipa mwezi huu. Risiti zinabaki. Wataalamu watasema data inajaa takataka. Chama cha watu 31, takataka gani? Na hakuna jina linalogeuka "ameondoka" kabla halijakaa wiki moja kwa grupu, mtu aseme kama kuna jambo kompyuta haijui.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele nikaeleza yote, na karatasi yangu. Yule fundi wa viatu aliomba aione, akatembea na kidole chake, akafika namba 3, akanyamaza, akamwangalia mathe akasema, "Mama, pole." Wengine hawakusema kitu. Kuna mmoja mpaka leo hupita mathe bila salamu, na hiyo hakuna kodi ya kurekebisha.

Anti alitoka, na hakunisemesha mpaka mwezi wa sita. Alipewa akiba yake, 4,200, sawa na mama wa sweta, siku moja. Hakukasirika kutolewa. Alikasirika kwamba kwa siku tatu mtaa mzima uliamini alifichwa, na mimi sikuenda kumwambia kwanza. Ana haki.

Mwezi wa nane walipata vibanda vipya, wakaja pamoja kuomba kurudi. Kamati ikakubali. Mathe akaniita nifungue laptopu. Anti akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni, akauliza, "Hiyo mashini yako siku hizi inajua kuhesabu?" Nikamwonyesha. Nilibadilisha neno moja kwa bahasha yake na moja kwa ya mama wa sweta, "ameondoka" ikawa "hai", na miezi yao kumi na minne yote ikatokea. Namba 3 na namba 4, wamefuatana vile vile.